Stelingi Ni Nani? "Kitara" ya Mission: Impossible na Moshi Isiyokuwa na TV

Ukitaja Mission: Impossible leo, vijana wengi wanamuona Tom Cruise akining'inia kwenye ndege. Sawa, hakuna ubaya. Lakini filamu zile zilizoanza 1996 ni watoto tu. Mama yao ni tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyorushwa na CBS kuanzia 1966 hadi 1973, misimu saba, sehemu 171. Mkuu wa kikosi anapokea maagizo kwenye kanda, anaambiwa kabisa kwamba akikamatwa serikali itamkana, halafu kanda inajiunguza yenyewe baada ya sekunde tano. Ule muziki wake hata mtu ambaye hajawahi kuiangalia anaujua.

Februari 1971, kwenye msimu wa tano, ikarushwa sehemu yenye jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulipita: "Kitara". Kwetu kitara ni upanga uliopinda. Kwa jirani zetu wa Uganda, ni jina la ufalme wa kale wa Bunyoro-Kitara. Kwa waandishi wa Hollywood, lilikuwa jina lenye ladha ya Afrika, basi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna koloni la kubuni barani Afrika, Wazungu wachache wanatawala, weusi hawana haki. Kiongozi wa wapigania uhuru yuko mikononi mwa utawala huo. Kikosi kinatumwa kumtoa. Mbinu yao? Wanamchezea mkuu mmoja mbaguzi kupindukia, ngozi yake inageuka kuwa nyeusi, mpaka yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba ana damu ya Kiafrika. Sheria alizokuwa akiwatwanga nazo wengine sasa zinamgeukia yeye.

Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika hadi leo.

Kundi la kwanza linaipigia makofi. Wanasema kumbuka mwaka, bana. Mwaka 1971 Afrika Kusini, Rhodesia, Angola na Msumbiji bado ziko chini ya utawala wa Wazungu, na televisheni kubwa ya Marekani inamuonyesha mbaguzi kama mjinga anayeogopa rangi ya mkono wake mwenyewe. Halafu kuna Greg Morris, mwigizaji mweusi aliyecheza kama Barney, fundi wa mitambo wa kikosi. Barney si mtumishi wala mchekeshaji. Yeye ndiye kichwa: bila yeye waya hazishikani na mlango haufunguki. Bill Cosby alikuwa ametangulia 1965 kwenye I Spy, akawa mweusi wa kwanza kuwa mmoja wa wahusika wakuu wawili katika tamthilia ya kila wiki Marekani. Kwa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Kundi la pili linakunja uso. Afrika gani hii isiyo na lugha, haina mji unaojulikana, haina hata jirani? Wapigania uhuru wenyewe wako wapi? Mmoja amefungwa, wengine wanasubiri. Ukombozi unaletwa na Wamarekani wenye masanduku ya vifaa, kazi inaisha chini ya saa moja, wanapanda gari na kuondoka. Yaani nchi nzima inakombolewa kabla wali haujaiva.

Kundi la tatu linasema jamani, ni burudani tu, mnachokoza nini? Hoja yao ina uzito, lakini ina shimo moja. Burudani ndiyo inayomfundisha mtu stelingi ni nani. Na kwa watu wa Moshi, swali hilo lina historia yake.

Anza na hili: ile Februari 1971 hakuna aliyekaa sebuleni Moshi akaiangalia "Kitara" kwenye kituo cha nyumbani. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962. Zanzibar ilianza ya rangi miaka ya mwanzo ya 1970. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994. Haikuwa bahati mbaya, ulikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona fedha chache za nchi ziende kwenye shule, maji na zahanati, na redio iwafikie wakulima. Runinga ingewanufaisha wachache wa mjini tu.

Kwa hiyo mtu wa Moshi mwenye hamu ya picha alikwenda senema. Huko kulikuwa na Wahindi wa kuimba na kulia, makauboi, baadaye Bruce Lee, na James Bond na magari yake. Huko pia ndiko lilikokomaa neno "stelingi", yule ambaye risasi zinamkwepa na hafi mpaka picha iishe. Maoni hayakusubiri mwisho. Ukumbi mzima ulimuonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na aliyekosa kiingilio alisimuliwa kesho yake sokoni au kijiweni, mara nyingi kwa chumvi nyingi kuliko picha yenyewe.

Lakini ujasusi wa kweli ulishafika Moshi kabla hata Mission: Impossible haijazaliwa. Februari 1963, mji huu mdogo wa kahawa ulipokea mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia. Wajumbe walitoka mabara mawili, na Wachina na Warusi wakavutana waziwazi kuhusu nani aongoze mapambano. Nyerere akaufungua kwa kuonya juu ya mbio za pili za kuigombea Afrika. Hebu fikiria: mlima juu, migomba pembeni, na vita baridi vimekaa mezani chini. Hollywood ingelipa pesa nyingi kwa mandhari kama ile.

Mwaka huohuo OAU ikaweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam. FRELIMO ilikuwa imeshaundwa hapohapo 1962. Na tarehe 3 Februari 1969, rais wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, akafungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Akafa Dar es Salaam, miaka miwili tu kabla ya "Kitara" kurushwa. Hakukuwa na kanda ya kujiunguza wala kikosi cha kuingia dakika ya mwisho.

Ndiyo maana jibu la Kiswahili lilipokuja, lilikuja kwa hasira kidogo. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akazaliwa. Jasusi Mtanzania, mavazi safi, ngumi nzito, mapenzi yasiyoisha, anayewindana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Baadaye vikaja Kikosi cha Kisasi na Njama. Vitabu vilipita mkono kwa mkono mabwenini na kwenye mabasi mpaka jalada likachanika. Wakosoaji walisema Gamba ni James Bond aliyepakwa rangi, na kweli ukoo wanafanana. Tofauti ni kwamba Gamba hakutumwa kutoka nje kuja kuokoa Afrika. Alitumwa na Waafrika, na kazi ikiisha alirudi nyumbani Dar.

Na Moshi? Machi 1979, wakati majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yakisonga kuelekea Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini hapa kuanzia tarehe 24 hadi 26. Vikundi vilivyokuwa vikishukiana kwa miaka vikaunda UNLF na kumchagua Yusuf Lule awe mwenyekiti. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, Idi Amin akakimbia. Ukitaka kisa cha kuing'oa serikali ya kidikteta, hiki hapa, na kimepitia Moshi. Ila hakukuwa na hila ya saa moja. Kulikuwa na ubishi wa siku tatu, na vita iliyomaliza hazina ya nchi. Lule mwenyewe hakukaa madarakani hata miezi mitatu.

Hapo ndipo "Kitara" inapopungukiwa. Kumcheka mbaguzi ilifanya vizuri, tena mapema. Kosa lake ni kuwaweka wenye vita yao kwenye viti vya watazamaji. Mtu aliyepika chakula cha wajumbe, dereva aliyewapeleka usiku, mkulima ambaye kahawa yake ililetea nchi fedha za kigeni, mgambo aliyepanda lori kwenda Kagera: hawa wote tamthilia isingejua iwaweke wapi. Na sisi wenyewe hatujawaweka popote. Majina yao hayamo kwenye filamu, na wengi hayamo hata kwenye daftari.

Wapo bado, mitaa ya Majengo, Pasua na Njoro, na juu kule Kibosho na Marangu. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1979 sasa wanakaribia sabini. Kamera siku hizi iko mfukoni mwa kila kijana wa mjini. Babu yako wa 1979 alikuwa wapi Machi ile, na umeshamuuliza?