Injini ya tabo inapogonga: Taimingi ikaguliwe baada ya mafuta, joto na hewa

KUGONGA kwa injini ya petroli gari linapopanda mlima ni dalili ambayo wamiliki wengi wa magari huichukulia kuwa kelele ya kawaida. Kwa gari lenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, kelele hiyo ikipuuzwa inaweza kuvunja au kuyeyusha pistoni, na mwenye gari akalazimika kununua injini nyingine.

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, una mazingira yanayoifichua dalili hiyo mapema. Mji huo uko zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari, kwenye njia panda ya barabara ziendazo Arusha, Singida na Dodoma. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Anayetoka Magugu hupanda kutoka sakafu ya Bonde la Ufa, na anayekwenda Mbulu kupitia Dareda hukabili ukuta wenyewe wa bonde hilo. Gari lililo kimya mitaani huanza kulalamika huko, likiwa na abiria na mizigo.

Mwinuko huo una athari tofauti kwa injini za aina mbili. Hewa ya Babati ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hali inayoipunguzia injini ya kawaida nguvu na pia uwezekano wa kugonga. Tabo hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayoshindiliwa hivyo huingia ikiwa na joto kubwa zaidi. Mwenye gari la tabo, kwa hiyo, hapati nafuu yote anayoipata jirani yake.

Chanzo cha mlio

Cheche ya plagi hutolewa muda mfupi kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili moto upate nafasi ya kuenea. Muda huo, ambao mafundi huuita taimingi, hupimwa kwa digrii za mzunguko wa kranki. Mchanganyiko wa mafuta na hewa unapaswa kuungua hatua kwa hatua kuanzia kwenye plagi. Joto na shinikizo vikizidi, sehemu ambayo haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe, na mawimbi yake hupiga kuta za silinda. Mlio wake hufanana na kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.

Cheche inayowahi mno huongeza hatari hiyo. Inayochelewa mno huondoa mlio, lakini gari hukosa nguvu, hutumia mafuta mengi na kutoa moshi wenye joto kali unaounguza valvu na tabo. Ndiyo sababu kurudisha taimingi nyuma kabla ya kujua chanzo huweza kunyamazisha dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Mpangilio wa uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuutambua mlio. Mlio wa mlipuko husikika injini inapobeba mzigo, hasa katika gia kubwa na mzunguko mdogo, na hutoweka mara mguu unapoinuliwa kwenye pedeli. Mlio mzito unaofuata mzunguko wa injini hata gari likiwa limesimama huashiria kuchakaa kwa beringi za konrodi, hali inayoelekea kwenye kile mafundi wanachokiita injini kunoki. Bati lililolegea kwenye ekzosi nalo huweza kumpotosha msikilizaji.

Pili ni mafuta. Magari ya tabo kama baadhi ya matoleo ya Subaru Forester na Impreza yaliyotumika Japan yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo viwango vya nchi hiyo huitaka iwe na oktani isiyopungua 96. Ya kawaida ni 89. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na petroli iliyochanganywa nayo hugonga upesi. Uchakachuaji wa aina hiyo ndio uliosababisha Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kuanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Iwapo mlio ulianza baada ya kujaza tangi, mafuta hayo yatolewe na kuwekwa mengine yenye oktani inayotajwa kwenye kitabu cha gari.

Tatu ni joto. Kiwango cha maji, feni, thamostati na rejeta vikaguliwe. Vivyo hivyo intakula, kifaa kinachopoza hewa itokayo kwenye tabo, ambacho huzibwa na vumbi, tope na wadudu.

Nne ni uwiano wa mafuta na hewa. Filta iliyoziba, pampu dhaifu, injekta chafu au mpira wa hewa uliopasuka huifanya silinda ipate mafuta kidogo kuliko inavyohitaji. Valvu ya kupunguzia shinikizo la tabo ikikwama imefungwa, au mpira wake ukichomoka, hewa huzidi kiwango kilichokusudiwa.

Tano ni plagi. Injini ya tabo kwa kawaida huhitaji plagi inayopoa haraka kuliko ya injini isiyo na tabo. Kauri nyeupe yenye malengelenge huonyesha joto kupita kiasi. Chembe ndogo za alumini juu yake ni ishara kwamba pistoni imeanza kuliwa, na gari halipaswi kuendeshwa tena kabla ya injini kukaguliwa ndani.

Hatimaye, taimingi

Kwa magari ya zamani yenye distributa, taimingi hupimwa kwa taa maalumu injini ikiwa imepata moto na iko sailensi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, vituo vya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi huunganishwa kwanza, la sivyo kipimo hudanganya. Fundi ahakikishe pia kwamba alama ya puli ni ya kweli, kwani puli yenye mpira ulioteleza huhamisha alama. Mkanda wa taimingi ulioruka jino huvuruga vipimo vilevile.

Kwa magari mapya zaidi, kompyuta ya injini ndiyo inayopanga taimingi kwa kusikiliza sensa ya mtetemo iliyofungwa kwenye bloku. Mashine ya uchunguzi huonyesha digrii inazopunguza gari linapobeba mzigo. Namba P0325 huelekeza kwenye hitilafu ya sensa hiyo au waya zake. Sensa iliyokazwa visivyo husikia vibaya, hivyo ikazwe kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji.

Dereva anayesikia mlio huo akiwa mlimani anashauriwa kupunguza mafuta mara moja, kurudi gia ndogo na kupunguza mwendo ili tabo isijaze hewa nyingi. Mlio ukiendelea, au mshale wa joto ukipanda, asimame na kuzima injini. Akifika gereji, amweleze fundi mlio ulianza lini, katika gia ipi, kwa mzigo gani na alijaza mafuta wapi, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayoamua ukaguzi uanzie wapi.