Kingamwili zinazozima VVU

Kingamwili hizi ni protini za kinga zinazojishika kwenye gamba la kirusi na kukizuia kuingia ndani ya seli. Karibu kila aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili, lakini nyingi huzima aina chache tu, kwa kuwa VVU hujibadilisha haraka na kujifunika sukari. Wachache hupata zile pana, yaani zinazozima aina nyingi, na hao huchukua miaka kuzipata, huku seli B, zinazotengeneza kingamwili, zikibadilika hatua kwa hatua.

Baadhi ya utafiti unaohusu jambo hili umefanyika Tanzania. Tunduma, mji ulio mpakani na Zambia, ni kituo cha malori. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Mkoani Mbeya, kuanzia mwaka 2000, wanawake 600 waliofanya kazi kwenye baa kandokando ya barabara kuu walifuatiliwa ili kuchunguza maambukizi ya aina zaidi ya moja ya VVU. Maambukizi ya namna hiyo yana uzito: huko Mombasa, wanawake walioambukizwa mara ya pili kwa aina nyingine walionekana kuwa na kingamwili pana zaidi.

Mbeya ilishiriki pia katika jaribio la kingamwili VRC01, iliyotiwa mshipani kila baada ya wiki 8. Matokeo ya 2021 yalivunja moyo kiasi: haikupunguza maambukizi kwa jumla, ingawa ilizuia takribani asilimia 75 ya yale ya virusi vinavyoathirika nayo kwa urahisi.

Chanjo zinazojaribiwa sasa hulenga kuziamsha seli B changa zinazofaa, kisha kuzikomaza kwa dozi tofauti zinazofuatana.