Bowa, muti na chulu: ginsi tulivyojifunza kutazama uyoga wa Katanga

Kila mwaka, mvua ikisha kushika, wamama wanakaa kandokando ya barabara zinazoingia Lubumbashi na mabeseni ya bowa. Tunapunguza bei, tunanunua, tunaenda kupika. Lakini ni wangapi kati yetu wanauliza: hii bowa imetoka chini ya muti gani? Ndani ya swali hilo dogo mna historia nzima.

Wazee wetu hawakuwa na kitabu cha uyoga. Elimu yao ilikaa ndani ya majina na ndani ya miguu. Wasemaji wa Kibemba wanajua tente, kabansa, na ile inayopita zote kwa ukubwa, chingulungulu. Mwenye kutafuta tente alienda kwenye miombo, penye muputu na mutondo. Mwenye kutafuta chingulungulu alienda penye chulu. Kujua bowa ilikuwa kujua rafiki yake.

Wakati wa ukoloni ikaja namna nyingine ya kutazama. Kule Binga, Equateur, Mathilde Goossens-Fontana alichora uyoga kwa rangi za maji, na Maurice Beeli, huko Ubelgiji, akaupatia majina ya Kilatini. Mwaka 1935 Bustani ya Mimea ya Serikali ya Brussels ikaanza kutoa mfululizo wa vitabu vya picha za uyoga wa Kongo. Kazi ile ni ya heshima, kwa maana bowa ikikauka inapoteza rangi, na mchoro unaitunza. Ila pale kwenye karatasi bowa mara nyingi inasimama peke yake, kama mutu asiye na jamaa.

Na kumbe jamaa iko. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank alitoa jina mikoriza kwa muungano wa nyuzi za uyoga na mizizi ya miti. Nyuzi zinauletea muti maji na chumvi za udongo. Muti unazilipa sukari. Tente na kabansa zinaishi namna hiyo. Bowa za chulu zina mapatano mengine. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim aliziita Termitomyces. Mchwa wanatafuna majani makavu na miti, wanajenga masega ndani ya chulu, uyoga unayalainisha, kisha mchwa wanakula. Mwaka 1980 Pegler na Piearce walieleza chingulungulu kutoka Zambia kwa jina Termitomyces titanicus. Kofia yake inaweza kufika mita 1 ya upana. Mwaka uleule walitoa jina Lactarius kabansus. Basi neno la wamama wetu likaingia ndani ya Kilatini!

Leo foto imechukua nafasi ya burashi. Mwaka 2017 André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef walitoa kitabu juu ya uyoga wa kuliwa wa Haut-Katanga, chenye foto nyingi. Na sisi, wenye telefone mukononi, tunaweza kusaidia. Lakini foto moja ya juu haitoshi. Piga kofia, piga chini yake, chimbua polepole uonyeshe shina mpaka mwisho, kata uone kama inatoa maziwa ao inageuza rangi. Kisha rudi nyuma hatua chache, upige muti ao chulu iliyo karibu. Andika siku, fasi, na jina analotumia mama aliyekuonyesha. Tena, usile bowa kwa kuamini foto tu: jamaa ya tente ina ndugu zenye sumu ya kuua.

Kwa nini haraka? Juu ya makala. Muputu ukikatwa na shamba likabaki pale, tente haina tena wa kumulipa sukari; inapotea. Bowa ikipotea, jina lake linabaki kwa wazee tu, na wazee wakienda, jina nalo linaenda. Hapo hata foto nzuri itakuwa sura ya marehemu.

Sisi walimu tuwatume wanafunzi kwa mama zao mbele ya kuwatuma kwa kitabu. Waulize swali lile lile: hii bowa imetoka chini ya muti gani? Na muti ule, je, ungali umesimama?