Mafundisho ya Mtakatifu Augustino wa Hippo juu ya Kazi ya Mwalimu, Lugha na Desturi

Walimu wengi humjua Mtakatifu Augustino kwa habari za ujana wake na machozi ya mama yake, Monika. Lakini iko habari nyingine isiyosimuliwa sana, nayo yatuhusu sisi tufundishao: ya kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule kabla hajawa padre, wala hakuacha hata uzee wake kuuliza, Je, neno hutokaje kinywani mwa mwalimu likaingia moyoni mwa mwanafunzi?

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika Tagaste, mji mdogo ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Dola ya Roma. Alifundisha sarufi katika mji wake, kisha ufasaha wa maneno katika Kartago, Roma na Milano. Huko Milano alibatizwa na Askofu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387. Akarudi Afrika mwaka 388, akapewa upadre katika Hippo mwaka 391, na baada ya miaka michache akawa askofu wa mji huo, ambao leo ni Annaba. Akafa tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji.

Katika kitabu chake cha Maungamo alieleza kwamba Kilatini alikijua utotoni bila fimbo, katikati ya mabembelezo ya yaya na michezo ya watu waliomzunguka; bali Kigiriki alifundishwa kwa vitisho na adhabu, akakichukia. Akaona kwamba hamu ya kujua hufundisha lugha kuliko hofu.

Karibu na mwaka 400 shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias, alimwandikia kutaka shauri. Shemasi huyu aliletewa watu wageni wa imani awafundishe mwanzo wa dini. Wengine walimsifu, lakini yeye mwenyewe alichoshwa na maneno yake, akaona hayana ladha, akaogopa kwamba wasikilizaji nao wamechoka. Augustino akamjibu kwa kitabu kizima juu ya kuwafundisha wasiojua. Hakuanza kwa kumkemea. Alimwambia kwamba hata yeye maneno yake mwenyewe karibu kila mara hayampendezi, maana ulimi hauwezi kuifuata akili upesi kama iendavyo. Walakini mwalimu asiipime faida ya wasikilizaji kwa uchovu wake.

Kisha akaonyesha njia. Mwalimu na aulize kwanza kwa nini mtu amekuja, kwa kuwa wako watafutao faida ya dunia. Ndipo asimulie habari tangu kuumbwa kwa ulimwengu hata siku za Kanisa; si kwa kukariri kila kitabu, bali kwa kuchagua mambo makuu na kukaa juu yake, na kuyapitia mengine kwa ufupi. Na masimulizi yote yaelekee upendo, ili kusikia kuzae imani, imani izae matumaini, na matumaini yazae upendo.

Juu ya uchovu wa mwalimu alitaja sababu sita, na nani kati yetu asiyezijua? Moja ni kurudia mambo ya kitoto ambayo sisi tumekwisha kuyajua. Nyingine ni kumwona msikilizaji amekaa kimya asiguswe na neno. Nyingine ni kuitwa kufundisha wakati tulipokuwa tumeshika kazi tuliyoipenda zaidi. Dawa yake, asema, ni kuwashikamania wanafunzi kwa upendo wa ndugu, wa baba na wa mama. Mtu akimwonyesha mgeni mji mzuri, ambao yeye mwenyewe huupita kila siku bila kuutazama, furaha ya mgeni humrudishia furaha yake. Na msikilizaji akianza kupiga miayo, mwalimu asimdhanie ukaidi. Labda amechoka kusimama. Augustino akayasifu makanisa ya ng'ambo ya bahari ambako watu waliketi wakati wa mafundisho, akashauri mtu apewe kiti.

Juu ya lugha, aliandika katika kitabu cha Mafundisho ya Kikristo, alichokianza karibu na mwaka 396 na kukimaliza karibu na mwaka 426. Neno la Kilatini os, likivutwa ni kinywa, lisipovutwa ni mfupa. Lakini masikio ya watu wa Afrika hayakuzipambanua sauti hizo mbili. Basi akasema mwalimu aseme ossum, yaani mfupa, neno la watu wa kawaida lililodharauliwa na wenye sarufi, kwa kuwa halina mashaka. Heri kulaumiwa na wataalamu kuliko kutoeleweka na watu. Sisi nasi twalijua jambo hili, maana yako makabila ya bara ambayo masikio yake hayatengi r na l, hata kura na kula huwa neno moja. Mwalimu mwenye busara haachi kufundisha matamshi, lakini huongeza neno la kufafanua, wala hacheki. Hii haikuwa ruhusa ya uvivu, kwani aliyesema hivyo alikuwa bingwa wa ufasaha katika nchi yake.

Lakini lugha peke yake haitoshi, na hili Augustino alijifunza kwa uchungu. Huko Fussala, maili 40 kutoka Hippo, watu walisema Kipuniki, lugha iliyoletwa zamani na Wafoinike, nayo ni ndugu ya Kiebrania. Augustino akataka wapate askofu ajuaye lugha yao. Akamweka tayari padre mmoja, na askofu mkuu wa Numidia, aliyekuwa mzee, akaja kutoka mbali kumweka wakfu. Saa ilipofika, padre yule akakataa. Augustino hakupenda mzee arudi bure, akamtoa kijana Antoninus, msomaji aliyelelewa katika nyumba yake ya watawa, ambaye alijua Kipuniki lakini hakuwa amejaribiwa katika kazi kubwa. Antoninus akawaonea watu na kuwanyang'anya mali, hata wakamlilia Augustino. Maaskofu wakamwondolea mamlaka juu ya Fussala, wakamwachia jina la uaskofu; naye akapeleka rufani Roma. Karibu na mwaka 423 Augustino alimwandikia Papa Celestino habari hiyo yote bila kujificha, akasema kwamba kwa huzuni yake alifikiri hata kuacha uaskofu. Basi ajuaye lugha ya watu amepewa ufunguo wa nyumba, na mwenye ufunguo aweza kuwa mlinzi au mwizi.

Juu ya desturi pia alikuwa na mafundisho. Monika alipofika Milano aliona watu hawafungi siku ya Jumamosi kama walivyofunga kwao, akafadhaika. Ambrosi akawajibu kwamba yeye akiwa Roma hufunga, akiwa Milano hafungi. Kila mtu na afuate desturi ya kanisa alipo. Augustino akamwandikia Januarius kwamba yaliyoagizwa na Maandiko na yanayoshikwa na Kanisa lote hayaguswi, bali yanayobadilika nchi kwa nchi ni ya hiari. Akanung'unikia pia wingi wa sheria ndogo ndogo zinazowalemea watu.

Tena palikuwa na desturi ya kula na kunywa makaburini mwa mashahidi, nayo iligeuka kuwa ulevi. Mwaka 392 hivi alimwandikia Aurelius, askofu wa Kartago, kwamba jambo hilo liondolewe kwa kufundisha kuliko kuamuru, na kwa kuonya kuliko kutisha. Na sadaka za marehemu ziwafikie maskini. Mwaka 395 akalikomesha katika Hippo, akaweka mahali pake masomo na zaburi. Watu walinung'unika, naye aliwahubiria, akalia mbele yao. Sisi tuliozoea kubishana juu ya matanga na matambiko tungefanya vema kuukumbuka mpango huu: hakuiacha nyumba tupu, bali alipoondoa kitu aliweka kingine.

Hata hivyo si haki kumsifu na kuficha mengine. Katika ugomvi wa Wadonato, waliojitenga na Kanisa Katoliki la Afrika, kwanza alitaka mabishano tu. Baadaye, kama aonyeshavyo katika barua ya mwaka 408 na nyingine ya mwaka 417, aliyakubali mashurutisho ya sheria za Kaisari. Alipinga wasiuawe, lakini maneno yake yalitumiwa katika karne za baadaye na watu waliotaka kuwalazimisha wengine kwa nguvu. Aliyefundisha kwamba fimbo haifundishi Kigiriki aliruhusu fimbo katika mambo ya imani. Mafundisho yake mwenyewe ndiyo yanayomhukumu hapo.

Kazi yake haikufa pamoja naye. Mwaka 796 Alcuin alimwandikia mfalme Charlemagne juu ya kuwafundisha Waavari, akautaja utaratibu wa kitabu kile alichoandikiwa Deogratias. Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika la Waaugustino, na Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa mwaka 2025, ametoka katika shirika hilo. Kwetu, Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868 na kuwatuma wamisionari waliofika Ujiji na Buganda mwaka 1879, aliagiza kwamba watu wafundishwe kwa muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa, kwa kuufuata mfano wa Kanisa la kale. Na huko Mwanza kiko Chuo Kikuu chenye jina la Mtakatifu Augustino.

Wapo pia katika Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo watu wengi waitwao Deogratias, maana yake Shukrani kwa Mungu. Mwalimu akimwita mtoto wa jina hilo darasani, na akumbuke kwamba mwenye jina hilo katika Kartago alikuwa mwalimu aliyechoka, na kwamba kwa sababu ya uchovu wake, uliosemwa wazi kwa mkubwa wake, walimu wote waliomfuata walipata kitabu.