Mtani Hanuniwi

Juma lililopita nilikwenda soko la Majengo, hapa Dodoma, kununua unga wa uwele. Nje ya soko nikamwona kijana mmoja wa bodaboda, niliyemfundisha shule ya msingi, ameegesha pikipiki yake peke yake ng'ambo ya barabara, mbali na wenzake. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi na fulani siku hizi hatusalimiani. Ametukana chama changu." Huyo fulani nilimfundisha pia. Walikaa dawati moja kwa miaka minne.

Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona jibu langu ni refu na lina aibu yangu ndani yake. Nikamwambia afungue redio. Basi, kijana wangu, kama unasikiliza, jibu ndilo hili.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilifika Dodoma mwaka 1972 nikiwa mwalimu mpya, na sanduku la bati na godoro. Suruali yangu ya kazi ilichanika katika treni, na kwa hiyo mtu wa kwanza kufahamiana naye mjini alikuwa fundi cherehani, Mgogo, mwenye baraza lake karibu na soko. Aliishona vizuri. Nilipomwambia natokea Tabora, akaikunja suruali akaikalia. "Kwanza hongo," akasema.

Vijana wa leo wakisikia hongo wanafikiri rushwa. Hongo ya Fundi ilikuwa ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo ilipita Ugogo. Nchi ilikuwa kavu, na watawala wa Kigogo ndio waliokuwa na visima na chakula. Msafara haukunywa maji mpaka umelipa nguo, shanga au waya. Hata Stanley, alipopita kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alilipa, na manung'uniko yake yamo katika kitabu chake. Na wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Ndipo Fundi akasema, "Babu yako alilipa, nawe utalipa." Nikamnunulia chai na maandazi mawili, nikapewa suruali yangu. Hivyo ndivyo utani wetu ulivyoanza, na hongo ile nililipa kwa miaka mingi.

Pale barazani palikuwa na redio. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya kipande cha bati, zikapata nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Oktoba 1973 redio hiyo ikatuambia kuwa TANU imeamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma katika muda wa miaka 10. Mimi nilishangilia. Fundi akaguna. Ndugu zake vijijini walikuwa wamehamishwa katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na wengine bado walikuwa wakijenga. "Sisi tumehamishwa," akasema, "na sasa serikali nayo inahamishwa. Tutaona nani atafika kwanza."

Jamaa zake walifika kwanza. Bunge lilianza kufanya vikao vyake vyote hapa mwaka 1996, Waziri Mkuu alihamia mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Ile miaka 10 ikawa zaidi ya 40.

Lakini redio haikuleta siasa tu. Februari 1974 ilituletea Filbert Bayi. Kule Christchurch, New Zealand, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika mbele tangu mwanzo wa mita 1500 na hakumpisha mtu mpaka mwisho. Dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye aliivunja rekodi ya zamani, lakini alikuwa wa pili. Kwa juma zima watoto wa shule yangu hawakutembea. Walikimbia hata wakitumwa chaki.

Ugomvi wetu wa kwanza ulitokana na Bayi huyo. Mwaka 1976 dunia ilikuwa ikisubiri aonane tena na Walker katika Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikagoma kushiriki. Walker akachukua dhahabu. Fundi alikasirika sana. "Makaburu wamekosa, kwa nini miguu ya Bayi ndiyo ilipe?" Mimi nikasema ipo heshima inayozidi medali. Tulibishana hadi taa za soko zikazimwa. Kesho yake nilipita pale nikadaiwa hongo kama kawaida. Mpaka leo naamini tuligoma kwa haki, na mpaka leo najua Fundi naye hakukosea. Bayi na Suleiman Nyambui walileta fedha mbili kutoka Moscow mwaka 1980, na mpaka sasa hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi yetu.

Halafu kulikuwa na Simba na Yanga. Mimi ni Yanga, Fundi ni Simba. Tarehe 19 Julai 1977 Simba walitufunga mabao sita kwa bila, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Sikula chakula cha usiku. Asubuhi mlango ukabishwa, nikamkuta Fundi amevaa nguo za sikukuu, ameshika kifurushi cha gazeti. Akampa mke wangu. Ndani mlikuwa na mayai sita. "Shemeji, mkaangie Mwalimu," akasema, "nasikia tangu jana hana nguvu." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mayai yenyewe tuliyala sote watatu, na chai.

Nataka kijana wangu aelewe jambo hili. Nilikuwa nimeumia kweli. Mwenye mapenzi na timu yake anajua maumivu yale. Hata hivyo haikunipitia akilini kumnunia Fundi, maana mtani hanuniwi. Aprili 12, 1984, redio ilipotangaza kuwa Waziri Mkuu Edward Sokoine, akirejea Dar es Salaam kutoka hapa Dodoma, amefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, nilikwenda moja kwa moja barazani kwa Fundi. Tulikaa kimya mpaka usiku.

Sasa ndiyo inakuja aibu yangu.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Kama asilimia 80 walisema kimoja kinatosha. Tume ikashauri hata hivyo tuingie katika vyama vingi, maana asilimia 20 nao ni watu. Julai 1992 sheria ikabadilika. Mimi nilikuwa katika wale 80, tena mjumbe wa kamati ya tawi la CCM. Fundi alikuwa katika wale 20. Mwaka 1995 mkutano mkuu wa CCM ulifanyika hapa hapa Chimwaga, Benjamin Mkapa akamshinda Jakaya Kikwete kwa kura chini ya 50, na mji mzima ulikuwa wa kijani. Fundi, katikati ya kijani hicho, akatundika barazani picha ya Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi. Nilimwambia aishushe. Akasema, "Mbona ya Kibadeni hukuniambia niishushe?" Sikuwa na jibu, nikaondoka bila kulipa hongo.

Oktoba tukapiga kura. Mkapa alishinda, Mrema akapata karibu asilimia 28. Upande wangu ulishinda, wala sikupeleka mayai. Nilifanya jingine. Kila Januari Fundi ndiye aliyeshona sare za watoto wa shule niliyokuwa nikifundisha, na kitambaa kilipita mikononi mwangu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizopata kwa mwaka. Januari 1996 nilikipeleka kwa fundi mwingine. Hakuna aliyeniagiza, si chama wala mwalimu mkuu. Nilimnyima rafiki yangu kazi kwa sababu ya picha ukutani, na nyumbani nikasema kwamba amekuwa mzembe siku hizi. Tangu hapo nilipita njia ya nyuma ya soko. Tulikaa miaka minane bila kusalimiana.

Kilichonirudisha ni muziki. Hapana budi nimtaje Hukwe Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doma. Alipiga zeze na ilimba, na sauti yake ilishuka chini kabisa kisha ikapanda kama ya mtoto. Mwalimu Nyerere alimsikia akamwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Tangu zamani, redio ikimpiga Zawose, Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Hakutaka mlio wa sindano uingie katikati. Siku moja nilimwambia kwamba waimbaji wa Kigogo naona wanapotezana, kila mmoja na njia yake. Alinicheka. "Nyinyi mnapenda wote waimbe sauti moja," akasema. "Kwetu huyu anakwenda juu, yule chini, yule katikati. Kazi ya kila mmoja ni kumsikiliza mwenzake asimwache. Wote wakienda juu, nani atabeba wimbo?" Nilidhani anazungumza muziki tu.

Nitaje pia kwamba mwaka ule ule wa 1996, Bunge linahamia Ugogo, Zawose alitoa albamu yake ya Chibite kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, kule Uingereza. Si kampuni ya serikali, wala si miongoni mwa yale makampuni makubwa ya dunia. Hivyo watu wa mbali walimsikia kuliko wengi wetu, tuliokuwa tukibishana juu ya picha ukutani.

Zawose alifariki Bagamoyo mwishoni mwa Desemba 2003. Nilisikia habari hiyo nikiwa nyumbani, kisha wakapiga ilimba yake. Nikamkumbuka Fundi. Nilivaa viatu nikaenda, safari hii njia ya mbele. Nikamkuta amekaa, mguu nje ya pedali, redio inaimba. Hakushangaa kuniona. Akasema, "Karibu, Mwalimu. Kaa, betri zinakaribia kwisha."

Wimbo ulipoisha nikasema, "Fundi, zile sare mwaka 1996, ni mimi niliyezipeleka kwingine." Akasema, "Najua." Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Yule fundi wako hakuwa na vipimo vya watoto. Alikuja kuniuliza, nikampa daftari langu." Nikashindwa kusema. Yeye akaendelea, kama anayenieleza jambo dogo: "Ningefanyaje? Watoto wangevaa nini?"

Ndugu msikilizaji, nimesomesha miaka 38, na sijapewa somo kama lile. Mimi niliyeshinda uchaguzi nilinyima. Yeye aliyeshindwa, na kunyimwa, alitoa vipimo ili watoto wa watu wa vyama vyote wavae. Nilimwomba radhi. Akaninyoshea mkono, kiganja wazi. "Hongo ya miaka minane," akasema. Nililipa kwa chai, siku baada ya siku, mpaka akasema deni limekwisha.

Fundi yu hai, ila macho yamechoka na cherehani anashona mwanawe. Chama chake alichobandikia picha ile amekwisha kukihama, mimi changu sijakihama, na bado tunabishana. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja. Nilikuwa nimesubiri tangu mwaka 1977. Asubuhi nilinunua mayai matano, nikayafunga katika gazeti, nikampelekea. Alifungua, akayahesabu kwa vidole, akayahesabu tena. Kisha akamwita mjukuu wake: "Hebu nenda bandani kwa kuku, mletee Mwalimu yai moja. Lile la kwetu amelisahau."

Hilo ndilo jibu langu, kijana wangu. Chama chako kipende, ukipiganie kwa maneno na kwa kura. Lakini uchaguzi unakuja kila miaka mitano na unapita, na siku utakayoanguka na pikipiki yako barabara ya Iringa, atakayekuinua huenda akawa yule mliyekaa naye dawati moja. Kesho vuka barabara, ukaegeshe pale pale mlipozoea. Kama atanuna, mdai hongo.

Hadi juma lijalo, kwaheri.