Mgonjwa Asiye na Nyumba

Vyama vingi vya Waafrika mijini vilianza kwa haja ya kuzika: mtu alifia ugenini, wenzake wakachanga fedha za sanda. Ada hiyo ni njema, walakini humfikia mtu akiwa hasikii tena.

Hapa Isiolo wasio na makao wana historia yao. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwapokonya Waborana wengi ngamia na ng'ombe. Watu wakakusanywa kambini Garba Tula, Merti na Modogashe, na baadhi ya waliofilisika wakaingia mjini. Mfugaji asiye na mifugo hana boma la kurudia.

Matunzo ya wenye maradhi yasiyopona yalikuja baadaye. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, akatumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kila baada ya saa nne. Mpango mzuri, ila umesimama juu ya neno moja: nyumbani. Alalaye barazani pa duka ataiweka wapi chupa? Nani atamshikia kikombe? Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, si mwenye nyumba peke yake.

Nionavyo mimi, sehemu ya fedha za sanda ipangishe chumba kimoja Bula Pesa, chenye kitanda, maji na mtu wa zamu, ili muuguzi apate mlango wa kubisha.