Kuzurura Kamusini: Hoja Kutoka Mwambao wa Ziwa

Shuleni kamusi huletwa mezani neno linapogoma, na likishaeleweka hurudishwa kabatini. Mazoea hayo yanazaa watahiniwa wazuri; hayazai wasomaji wa kamusi. Makala hii inadai kwamba kuisoma kamusi bila neno maalumu la kutafuta, ukurasa baada ya ukurasa, ni njia halali ya utafiti, na kwamba faida yake humfikia zaidi msomaji aliye mbali na bahari: tuseme aliyeko Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara, ambako Kiswahili kilizikuta Kijita, Kizanaki, Kikwaya na Kiruri zikiwa nyumbani kwao.

Anachokiokota mzururaji hutegemea jinsi kamusi ilivyopangwa. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, aliweka nomino nyingi chini ya kitenzi kilichozizaa. Ukifika kwenye “vua”, ukoo wa mvuvi na uvuvi haukai mbali. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981, ilifuata herufi ya kwanza ya neno zima: mvuvi akahamia M, uvuvi ukaenda U, na “vua” ya samaki ikabaki na jirani yake wa sauti tu, “vua” ya nguo. Kwa mwanafunzi mwenye haraka mpango wa TUKI ni bora, sina ubishi. Lakini Johnson humfundisha mzururaji uundaji wa maneno bila kutaja istilahi hata moja. Programu za simu zimeondoa hata ujirani wa herufi; zinakupa ulichoomba, basi.

Mzururaji wa Mara hutambua upesi jambo jingine: kamusi zetu zina harufu ya maji ya chumvi. Kusi, kaskazi, matlai, foromali, bamvua, maji mafu: kurasa zimejaa pepo, vyombo na maji ya Bahari ya Hindi. Sababu zake zinajulikana. Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, alifanya kazi Mombasa na Rabai. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikaendelea hapo. Basi msomaji achukue maneno ya Mwigobero, mjini Musoma: mwalo, kwa maana ya mahali samaki wanaposhushwa, karabai ya kuvulia dagaa, kokoro, kayabo, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Ayatafute katika kila kamusi aliyonayo, aone lipi limeingizwa, kwa fasili gani, na mfano wa sentensi umetoka maji yapi. Kuchelewa kwingine hakuna wa kulaumiwa: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, kwa hiyo Johnson asingeweza kumsajili kama samaki wa Musoma. Mabondo je? Kilo yake huuzwa ghali kuliko kilo ya minofu, na fasili isiyogusa biashara hiyo haijamaliza kazi.

Ugeni huo wa ziwa haukuwazuia watu wa huku kuwa mafundi wa maneno. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na Kizanaki chake, alichapisha tafsiri ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akaipitia upya na kuitoa tena 1969 kama Juliasi Kaizari. Kurudia kazi iliyokwisha kuchapwa ili kuyapima maneno upya ndiyo tabia ninayoitetea hapa. Mwanaisimu David Massamba alichunguza toni za Kiruri katika tasnifu yake ya 1982, na mwaka 2004 akatupa Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha. Anayetunga kamusi ya Kiruri hana budi kuamua toni itaandikwaje, suala ambalo mwenzake wa Kiswahili hana haja ya kuliwaza. Na ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, wilayani Bunda, ndiko Ukerewe, alikoishi Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuitafsiri mwenyewe hadi ikachapwa 1980, imesheheni maisha ya kisiwani kiasi kwamba mtunga kamusi angeisoma kalamu mkononi.

Litaulizwa: maneno hayo ya mialoni si ya kienyeji? Foromali nayo ni ya kienyeji, ya wenyeji wa pwani. Kinachotakiwa ni kipimo kimoja kwa maji yote. BAKITA, au TATAKI iliyoirithi TUKI, ikiletewa orodha kutoka mialoni haina sababu ya kuipokea yote. Ichunguze kama “mwalo” linasikika Mwanza, Bukoba na Ukerewe kama linavyosikika Musoma. Likisikika, kidahizo kiingie, kikiwa na alama ya matumizi ya ziwani.